Kadi za Pokémon zenye vitone: usikimbilie kununua e-Reader

Ndugu yetu wa Katuba ameuliza kama inafaa atafute e-Reader, kifaa cha Nintendo kinachochomekwa kwenye Game Boy Advance na kusoma vitone vya kadi, kwa kuwa binamu yake aliyerudi kutoka Marekani amemwachia bunda la kadi za Pokémon zenye mstari wa vitone pembeni, naye tayari ana Game Boy Advance SP, mashine ya michezo ya mkononi, na kaseti ya mchezo wa Pokémon Ruby. Anatumaini kwamba kadi hizo zitamfungulia mambo yaliyofichwa ndani ya kaseti. Mimi ninayo e-Reader, na watu kadhaa wa hapa Lubumbashi wameshaniletea kadi zao niwasomee, kwa hiyo natangulia kumjibu: kwa kadi hizo na kwa kaseti hiyo, asinunue.

Kadi zote zenye vitone hazifanyi kazi moja. Nintendo ilianza kuuza kifaa hiki Japani mwishoni mwa mwaka 2001 na Marekani mwaka 2002, kikisoma vitone vilivyobuniwa na kampuni ya Olympus, na mstari mrefu hubeba kilobaiti 2.2 hivi, mfupi 1.4. Ni kiasi kidogo mno, ndiyo maana mchezo mdogo wa zamani kama Balloon Fight uligawanywa kwenye kadi tano, na mchezaji analazimika kupitisha mistari kumi ndipo aanze kucheza. Kadi za karata za Pokémon za miaka ya 2002 na 2003, hasa seti za Expedition, Aquapolis na Skyridge, ambazo huenda ndizo alizoachiwa ndugu yetu, huonyesha maelezo ya Pokémon aliyechorwa au huleta kimchezo kifupi kinachochezwa ndani ya e-Reader yenyewe. Haziongezi kitu chochote katika Ruby.

Kadi zinazoingia Ruby ni nyingine kabisa: zile za Battle-e, zenye wapinzani wa kupigana nao, na ile ya Eon Ticket, inayomruhusu mchezaji kufika kisiwa ambacho tayari kimo ndani ya kaseti lakini hakifikiki bila tiketi hiyo. Na hata ukizipata, e-Reader hukaa mahali pa kaseti, kwa hiyo unahitaji mashine ya pili yenye Ruby, pamoja na kebo ya kuziunganisha. Gharama hiyo ya pili wauzaji huwa hawaitaji.

Liko pia suala la soko ambalo kifaa kilitengenezewa. Vitu vyetu vingi vya Game Boy vimefika huku kupitia jamaa walioko Ubelgiji na Ufaransa, lakini e-Reader haikuuzwa Ulaya, hivyo kumtuma shangazi aitafute katika maduka ya Brussels ni kumsumbua bure. Ya Kijapani nayo haisomi kadi za Kimarekani.

Kuhusu usomaji wenyewe, kadi hupitishwa kwenye mfereji mwembamba kwa mwendo mmoja, bila kusita katikati, huku ukingo wake ukigusa chini muda wote. Kiangazi, vumbi jekundu letu huingia katika mfereji huo na kusugua kadi, nami hufuta ukingo kwa kitambaa kikavu kabla ya kila mstari. Mkwaruzo mdogo hauzuii usomaji, kwa sababu vitone vina ziada ya kurekebisha makosa. Kwa hilo kadi ina huruma kuliko wabadilisha fedha wetu, wanaokataa noti ya dola kwa mpasuko usioonekana.

Lakini mkwaruzo usiomsumbua msomaji unamsumbua sana mkusanyaji. Kadi za Skyridge, hasa zile zinazong'aa, hutafutwa kwa bei kubwa zikiwa safi, na kwa maoni yangu ni upuuzi kuiburuta kadi kama hiyo kwenye mfereji ili kusoma mistari michache ya maelezo. Ndugu yetu atenganishe zinazong'aa, azitie kwenye mifuko ya plastiki, kisha apige picha mbele na nyuma kabla ya kuzungumza bei na mtu yeyote.

Kama shauku yake ni kuona kadi zikifungua jambo la maana, mfano bora ni mchezo wa Super Mario Advance 4, kwa kuwa kadi zake zilibeba hatua nzima ambazo hazikuwamo katika kaseti. Siku hizi hatua hizo zimo katika toleo lililowekwa mwaka 2023 kwenye Nintendo Switch Online, huduma ya kulipia ya mashine ya Switch, bila kadi wala kebo. Mwenye Switch atalipa ada ya uanachama wa ngazi ya juu, uitwao Expansion Pack, tu, na fedha ya e-Reader atabaki nayo mfukoni.