Maswali ya Wafugaji: Chanjo ya Majaribio Zizini

Swali: Daktari, nakusalimu. Watafiti wamefika kijijini kwetu pamoja na afisa wa mifugo, nao wanataka kujaribu chanjo mpya ya ugonjwa wa kutupa mimba kwa mitamba wetu. Wanasema nusu ya mitamba watapewa chanjo na nusu watadungwa maji yasiyo na dawa, na kwamba majibu yatapatikana baada ya miaka mitatu. Kwa nini nusu ya mali yangu iachwe bila kinga, na kwa nini tungoje muda wote huo?
*Mfugaji, Nakasongola*

Jibu: Ndugu mfugaji, swali lako la kwanza ni la haki, na mtafiti asiyeweza kulijibu mbele ya zizi lako hastahili kuingia humo. Mtamba akichanjwa kisha akazaa salama, hatuwezi kujua kama chanjo ndiyo iliyomkinga au kama hakuwahi kukutana na bakteria wa brusela, ambao ndio wanaosababisha ugonjwa huu wa kutupa mimba. Mwaka 1881, huko Pouilly-le-Fort nchini Ufaransa, Louis Pasteur aliwachanja kondoo 24 dhidi ya kimeta, akawaacha wengine 24 bila chanjo, kisha akawapa wote vimelea vya ugonjwa. Siku ya ukaguzi waliochanjwa walikuwa wazima, na wenzao walikuwa wamekufa au wanakata roho. Bila wale wasiochanjwa, uzima wa waliochanjwa usingethibitisha lolote.

Lakini kuwapo kwa kundi la ulinganisho hakumaanishi kwamba lazima lidungwe maji. Kwa ugonjwa huu zipo chanjo zilizotumika duniani kwa miaka mingi: S19, iliyotokana na bakteria waliopatikana katika maziwa ya ng'ombe mwaka 1923, na RB51, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996. Kwa maoni yangu, ni haki zaidi chanjo mpya ishindanishwe na mojawapo ya hizo, na ningekushauri uwaulize watafiti waziwazi kwa nini hawakufanya hivyo. Wakikuahidi kwamba mitamba waliokosa watachanjwa baadaye, uliza ni kwa chanjo ipi, kwa sababu S19 kwa kawaida hupewa ndama jike wa miezi 3 hadi 8. Ng'ombe mkubwa akipewa, kingamwili zinaweza kubaki katika damu yake kwa muda mrefu, na kipimo cha damu kikamwonyesha kama mgonjwa. RB51 haina tatizo hilo, kwa kuwa bakteria wake wamepoteza sehemu ya gamba la nje ambayo kipimo cha kawaida huitafuta, na wengi wanaotengeneza chanjo mpya hujitahidi kupata sifa hiyohiyo.

Kuhusu muda, tatizo ni mimba yenyewe. Bakteria wa brusela hustawi sana katika kondo la nyuma la ng'ombe, ambamo mna aina ya sukari wanayoipenda, iitwayo erithritoli. Kwa hiyo mtamba asiye na mimba anaweza kuonekana mzima na bado tusijue chochote kuhusu nguvu ya chanjo. Ni lazima ndama achanjwe, akue, apandwe, kisha abebe mimba kwa takriban miezi 9. Kabla ya kufika kwako, chanjo hupimwa kwa panya wa maabara, kisha kwa ng'ombe waliofungiwa katika kituo chenye ulinzi mkali, ambako mimba ikifika katikati ng'ombe hao hutiwa matone ya bakteria wakali machoni. Wakizaa au wakitupa, wataalamu hutafuta bakteria katika kitoto, katika kondo na katika maziwa. Zizini kwako hakuna anayeruhusiwa kuwaambukiza ng'ombe kwa makusudi. Kinachongojwa ni maambukizi ya kawaida, na hayo huja kwa wakati wake.

Hapo ndipo kazi yako inapokuwa kubwa kuliko ya mtu mwenye sindano. Kila mimba inayotupwa, iwe ya mtamba aliyechanjwa au asiyechanjwa, iandikwe na kuripotiwa siku hiyohiyo. Kitoto na kondo visishikwe kwa mikono mitupu wala kutupiwa mbwa. Mimba moja iliyofichwa kwa aibu inaweza kuifanya chanjo dhaifu ionekane nzuri, nayo ikauzwa kwa wafugaji wa ukanda mzima wa ng'ombe. Kabla ya kutia sahihi, omba uonyeshwe kibali cha Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa ya Uganda (NDA), pamoja na maandishi yanayoeleza nani atakufidia ng'ombe akidhurika. Maziwa yachemshwe, ya waliochanjwa na ya wasiochanjwa.

Swali: Nikijidunga kwa bahati mbaya ninapowachanja ndama, chanjo yenyewe inaweza kuniambukiza?
*Mhudumu wa mifugo, Mbarara*

Jibu: Ndiyo. S19 na RB51, na vilevile Rev.1 ya mbuzi na kondoo, zote zina bakteria walio hai, waliodhoofishwa kwa ajili ya mnyama na si kwa ajili yako. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda hospitali ukiwa na chupa ya chanjo mkononi. Daktari ataihitaji chupa hiyo, kwa kuwa RB51 haisikii dawa ya rifampisini na Rev.1 haisikii streptomisini, ambazo zote mbili hutumika kumtibu binadamu mwenye ugonjwa huu. Vaa glavu na kinga ya macho, na usirudishe kifuniko kwenye sindano iliyotumika.

Swali: Niliwachanja ng'ombe dhidi ya kimeta, na kesho yake nikawadunga oksitetrasaiklini kwa sababu ya kupe. Je, nimeharibu?
*Msomaji, Kasese*

Jibu: Huenda umeharibu. Chanjo ya Sterne, iliyotengenezwa Onderstepoort nchini Afrika Kusini katika miaka ya 1930, ni mbegu hai za bakteria wasio na gamba lao la ulinzi, na dawa hiyo huwaua kabla mwili haujajifunza kuwatambua. Mweleze daktari wa mifugo tarehe zote mbili ili apange kurudia chanjo, na usingoje: mwaka 2004 kimeta kiliua viboko wengi katika Mbuga ya Queen Elizabeth, na mifugo ya wilaya yako hulisha jirani na mbuga hiyo.