Unaanza kujifunza programu? Iendeshe kwanza kwenye daftari

Kila muhula wanafunzi wapya huniuliza swali lilelile: nianze na lugha gani? Huwajibu Python, na hapo hatukai sana. Ipo tangu 1991, ni ya bure, inakubali kompyuta ya zamani na hata simu ya Android, na ukishaipakua huhitaji bando ili ufanye mazoezi. Swali ninalotamani waniulize ni jingine: programu ikiwa inakwenda, kompyuta imeshika nini mkononi kwa wakati huo? Anayeweza kulijibu hilo mstari kwa mstari, lugha yoyote haitamsumbua.

Tuchukue programu ndogo ya duka:

bei = input("Bei: ")
idadi = int(input("Idadi: "))
print(bei * idadi)

Muuzaji anaandika 500, kisha 3. Anategemea 1500, lakini kwenye skrini inatokea 500500500.

Sababu ni kwamba chochote kinachopita kwenye input huingia kama maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu. Idadi imegeuzwa kuwa namba kwa int, bei haikugeuzwa. Na kwa Python, maandishi mara 3 ni kuyaandika mara tatu mfululizo. Izungushie int na bei pia, 1500 itatoka. Nawasisitizia sana mfano huu kwa sababu kompyuta haikulalamika popote: ilitii kila ilichoambiwa, na jibu likawa baya. Kosa la namna hii linaweza kukaa kwenye programu miezi mingi bila mtu kujua. Programu inayogoma na kukutolea ujumbe wa kosa imekusaidia zaidi, kwa hiyo usiufunge ujumbe huo kwa hofu. Anza na mstari wake wa mwisho, ndiko aina ya kosa inakotajwa. Juu yake utaona namba ya mstari wenye tatizo.

Jambo la pili ni alama ya =. Kwenye hisabati, x = x + 1 haina jibu. Kwenye programu ni amri: fanya hesabu ya upande wa kulia, kisha jibu lake liweke kwenye x, na kilichokuwemo kinafutika. Mwanafunzi asiyelielewa hili atapotea pindi tu anapofika kwenye vitanzi, yaani sehemu za programu zinazojirudia.

Vitanzi ndipo ninapowaomba wafunike kompyuta na kuchukua kalamu.

jumla = 0
for i in range(1, 5):
    jumla = jumla + i
print(jumla)

Chora safu mbili, moja ya i na nyingine ya jumla. i ikiwa 1, jumla ni 1. i ikiwa 2, jumla ni 3. Kisha 3 na 6, kisha 4 na 10. Basi, imeisha, kwa sababu range huishia kabla ya namba ya mwisho uliyoitaja. Aliyetaka kujumlisha 1 hadi 5 apate 15, atalikuta kosa lake hapo kwenye safu ya i: 5 haimo. Nimeona wanafunzi wakihangaika jioni nzima kubadilisha hiki na kile, wakati dakika chache za daftari zingewaonyesha.

Thamani hizo zote, wakati programu inakwenda, zinakaa kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na umeme ukikatika zinapotea. Faili ulilolihifadhi linabaki kwenye diski. Kwa mazoezi ya aina hii RAM ya GB 4 inatosha kabisa, kwa hiyo usiahirishe kujifunza eti unangoja laptopu mpya.

Nawaomba pia mchape mifano kwa vidole vyenu badala ya kunakili na kubandika. Ukisahau nukta pacha (:) mwishoni mwa mstari wa for, Python itakataa, na utaanza kuangalia vitu ambavyo macho yalikuwa yanaviruka.

Zoezi la kuanzia leo: jumlisha namba shufwa tu kuanzia 1 hadi 10, ukiweka if, yaani sharti la "ikiwa", ndani ya kitanzi. Kwenye daftari lazima upate 30 kabla hujagusa kibodi.