Kumpokea Mbwa Mzima Aliyepoteza Nyumba Yake Goma

Hapa Goma, mtu anayetaka mbwa kwa kawaida hutafuta mtoto wa mbwa, tena dume, ili amkuze awe mlinzi wa uzio. Mimi ninamshauri mwenye nafasi na subira amchukue mbwa mzima ambaye tayari amepoteza nyumba, kwa maana mji wetu unao wengi wa namna hiyo. Volkano ya Nyiragongo, iliyo jirani na mji, ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama, familia ziliondoka kuelekea Sake, Bukavu na Rwanda zikiwa zimebeba watoto, magodoro na masufuria, na si rahisi kumpandisha mbwa katika boti iliyojaa watu. Vita navyo vimewatawanya watu tena na tena. Mbwa wengi wanaozurura karibu na masoko yetu walikuwa na wenyewe, walikuwa na jina walilolizoea, na ukiwapa muda wanalizoea jingine.

Mbwa jike tunayeishi naye, ambaye watoto walimwita Sifa, alitujia hivyo. Mwanzoni alijificha nyuma ya pipa la maji, na bakuli lake hakuligusa mpaka nimpe mgongo. Kwa mbwa wa aina hii, weka chakula mahali pale pale na saa ile ile, keti kando bila kumkazia macho, zungumza kwa sauti ya chini, kisha umwache apunguze umbali yeye mwenyewe. Jioni moja nilikuwa nachambua maharagwe uani. Sifa akaja, akaweka kidevu chake juu ya mguu wangu, akashusha pumzi ndefu na kulala. Sikuthubutu kuusogeza mguu mpaka giza lilipoingia, na furaha niliyoipata jioni ile bado ninayo.

Nawasihi wasomaji wasimfunge mbwa mnyororo mchana kutwa kwa imani kwamba usiku atakuwa mkali zaidi. Mbwa anayeishi mnyororoni hujaa hofu, na mwenye hofu humng'ata mtoto anayemletea maji kwa wepesi ule ule ambao angemng'ata mwizi. Uzio mzuri na lango linalofungika vinatosha.

Jambo lisilosubiri ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa mzima asiye na kadi ya chanjo mhesabu kuwa hajachanjwa, umpeleke kwa daktari wa mifugo mapema, na urudie kila mwaka au kadiri daktari atakavyokuelekeza. Mtoto wa mbwa huanza kuchanjwa afikapo umri wa miezi 3. Virusi vya ugonjwa huu hupita katika mate, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kifo karibu hakiepukiki. Kwa hiyo, mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa asiyejulikana, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo ili aanzishiwe chanjo. Tusipake mafuta, majivu wala majani, na tusikae nyumbani tukingoja kuona kama mbwa atakufa. Miongoni mwa wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, takribani 40 kati ya kila 100 ni watoto wa chini ya miaka 15, nao mara nyingi huficha jeraha kwa kuogopa kugombezwa. Waambie wanao mapema kwamba hawatagombezwa.

Ardhi yetu pia ina mambo yake. Mawe ya lava hukata nyayo, kwa hiyo kila mrudipo matembezini geuza miguu ya mbwa wako, tazama katikati ya vidole, toa vijiwe na funza, osha kwa maji safi. Hatari kubwa zaidi ni mazuku, hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, hasa upande wa magharibi wa mji kuelekea Sake. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani, na hujikusanya zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mtu mzima anaweza kusimama kichwa chake kikiwa juu yake, ilhali mbwa aliye kando ya magoti yake anaivuta yote. Usimwache ateremke katika shimo au bonde mnapotembea asubuhi na mapema, na akianguka humo, usimfuate kwa kuinama. Watu wamekufa kwa kufanya hivyo.

Kuhusu chakula, bugali peke yake haitoshi. Ichanganye na sambaza, yaani samaki wadogo wa Ziwa Kivu, zilizopikwa bila chumvi nyingi, au matumbo ya ng'ombe yaliyochemshwa vizuri. Vitunguu vya aina zote na chokoleti ni sumu kwake, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo. Dawa ya minyoo apewe kwa ratiba ya daktari, kwa kuwa baadhi ya minyoo yake huingia pia kwa watoto wanaocheza udongoni. Kama ni jike, ulizia upasuaji wa kumfunga uzazi. Mimba ya mbwa huchukua takribani siku 63, jike anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na ni watoto hao wasio na wa kuwapokea wanaojaza barabara zetu.

Watoto wa jirani zetu, ambao zamani walimrushia mawe kila mbwa aliyepita, sasa huja langoni kumwita Sifa kwa jina. Tumewafundisha kusimama ubavuni mwake, kumpa mkono uliokunjwa ainuse, kumgusa kifuani badala ya utosini, na kumwacha kabisa anapokula au anapolala. Mdogo wao, ambaye hapo awali alikuwa akilia akisikia tu mbwa akibweka, ndiye siku hizi anayewasimamia wengine ili wasimsumbue.