Maswali ya Wasomaji: Askari kambini, moyo nyumbani

Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) kukumbuka nyumbani kulihesabiwa kuwa ugonjwa. Je, ni kweli? – Msomaji, Iringa

Ni kweli. Madaktari wa jeshi la Kaskazini, yaani la serikali ya Marekani iliyopigana na majimbo ya Kusini yaliyojitenga, waliuita nostaljia, na rekodi zao zinataja wagonjwa zaidi ya 5,000 kati ya askari weupe, 58 walikufa. Askari alikosa usingizi, akasusa chakula, akakonda, na kuhara au homa ikimpata hana tena nguvu ya kupambana nayo. Hali hii ilishamiri zaidi kambini wakati wa baridi, barabara zikiwa tope tupu na jeshi limekwama, kwa sababu mtu hana la kufanya ila kuwaza kwao.

Dawa yake haikuwa chupani. Baada ya kushindwa katika mapigano ya Fredericksburg, Desemba 1862, askari wa Kaskazini waliopiga kambi Falmouth, Virginia, walitoroka kwa wingi. Jenerali Joseph Hooker alipokabidhiwa jeshi hilo Januari 1863, aliagiza wapewe mkate laini mara nne kwa wiki, na viazi au vitunguu mara mbili. Akaanzisha likizo za zamu: wasizidi wawili kwa mpigo katika kila askari 100 walio kazini. Zamu hiyo ni ndogo, lakini aliyejua kwamba ipo siku jina lake litafikiwa alikuwa na sababu ya kubaki.

Kabla ya mkate huo walikula nini? – Msomaji, Tanga

Biskuti za unga na maji, pana kiasi cha sentimita 8, ngumu kuvunjwa kwa meno. Mgawo wa siku ulikuwa biskuti tisa au kumi, pamoja na nyama ya nguruwe ya chumvi, kahawa na sukari. Zikiingia wadudu, askari alizivunja ndani ya kahawa ya moto, wadudu wakaelea, akawaengua kwa kijiko. Au alizilowesha kwenye maji baridi, kisha akazikaanga kwa mafuta ya ile nyama. Vifurushi kutoka nyumbani vilisubiriwa kwa hamu, ila kuku wa kuchoma aliyechelewa njiani alioza na kuharibu hata soksi alizofungwa nazo.

Barua zilifikaje, na asiye na senti alifanyaje? – Msomaji, Mombasa

Stempu ya Kaskazini ilikuwa senti 3, nayo mfukoni hugandamana kwa jasho. Kuanzia Julai 1861, askari aliruhusiwa kutuma barua bila stempu, mradi bahasha iandikwe kwamba ni barua ya askari na kutiwa saini na afisa wa kikosi. Nauli ililipwa na mpokeaji. Kusini karatasi iliadimika, hivyo bahasha iliyokwisha kutumika iligeuzwa nje ndani na kutumika tena.

Na askari weusi je? – Msomaji, Bujumbura

Katika jeshi la Kaskazini walikuwa kama 180,000, na wengi walikuwa wametoka utumwani. Kwao uchungu ulikuwa wa namna nyingine, maana mke na watoto waliobaki nyuma walikuwa bado mali ya bwana, ambaye aliweza kuwalipizia kisasi kwa sababu mume kajiunga na jeshi. Kwa hiyo familia nyingi ziliwafuata waume kambini. Huko Camp Nelson, Kentucky, Novemba 1864, jeshi liliwafukuza wanawake na watoto wapatao 400 katika baridi kali na kubomoa vibanda vyao, 102 walifariki. Tunalitaja hili kwa uchungu, kwani waume zao walikuwa wamevaa sare ya jeshi hilohilo. Malalamiko yalifika Washington, familia zikaruhusiwa kurudi na kujengewa makazi, na mnamo Machi 1865 Bunge likapitisha sheria ya kuwapa uhuru wake na watoto wa askari.