Maswali na Majibu: Meli Zinazolisha Manowari

Safari hii nimekusanya maswali yenu kuhusu meli za huduma za jeshi la wanamaji, yaani zile zinazobeba mafuta, chakula, risasi na majeruhi. Nimefurahi kuyapata. Watu wengi hupiga picha manowari na kuzipa mgongo meli hizi, wakati bila hizo manowari haifiki mbali.

Nimeona kwenye habari meli kubwa ya kijivu ya Uingereza. Haina mizinga mikubwa, na bendera yake si ile ya manowari zao. Ni ya nani? (Msomaji, Tanga)

Ni ya Royal Fleet Auxiliary, kwa kifupi RFA, idara iliyoundwa mwaka 1905 kuhudumia manowari za Uingereza. Manowari zao hupeperusha bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu, na za RFA hupeperusha ya buluu yenye nanga ya manjano iliyosimama wima. Huenda uliyoiona ni mojawapo ya meli nne za mafuta za aina ya Tide, zilizojengwa Korea Kusini. Kila moja ina urefu wa mita 200 na matangi yanayomeza lita milioni 19 za mafuta. Silaha chache za kujihami zinaweza kufungwa humo, lakini kwenda kutafuta vita si kazi yake.

Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa boti hapa Mombasa. Meli mbili zinapeanaje mafuta katikati ya bahari zikiwa zinatembea? Mbona hazigongani? (Fundi, Mombasa)

Marahaba, mwanangu. Hatari ya kugongana ipo, tena kubwa.

Meli ya mafuta hushika uelekeo mmoja na mwendo mmoja, tuseme maili 12 za baharini kwa saa, na haipindi. Manowari huja kwa nyuma, ikapanda ubavuni mpaka nafasi kati yao ikabaki mita 30 hadi 50 hivi. Hapo mtu anafyatua bunduki maalumu inayorusha kamba nyembamba hadi sitaha ya pili. Kamba nyembamba inavuta kamba nene, kamba nene inavuta waya wa chuma. Waya ukishafungwa na kukazwa kwa winchi, bomba la mpira hupelekwa likining'inia juu yake kwa makapi (puli), mpaka mdomo wake uingie kwenye tundu la manowari na kujifunga. Ndipo pampu zinawashwa.

Sasa lile la kugongana. Maji yanayobanwa katikati ya meli mbili hukimbia kasi zaidi, na yakikimbia, msukumo wake ubavuni hupungua, kwa hiyo meli huanza kuvutana. Anayeshika usukani wa manowari hurekebisha uelekeo digrii moja moja, na injini huongezwa au kupunguzwa kidogo kidogo. Kamba nyingine yenye vibendera vya rangi hunyooshwa kutoka meli moja hadi nyingine ili nahodha asome umbali kwa macho. Mambo yakiharibika, amri ni moja: fungueni kila kitu, tuachane.

Kazi hii huweza kuchukua saa kadhaa, usiku au mchana, na muda wote huo meli zote mbili zimefungana na haziwezi kukwepa lolote. Mimi nawaheshimu sana watu wanaoifanya.

Nasomea ubaharia Dar es Salaam. Je, walio kwenye meli hizi ni askari? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Wa RFA ni raia, mabaharia kama utakavyokuwa wewe. Wana nahodha, mhandisi mkuu, wapishi na vyama vya wafanyakazi. Agosti 2024 waligoma kudai mshahara bora, na kwa maoni yangu walikuwa na haki.

Nasema hivyo kwa sababu bomu halimuulizi mtu kama ni raia. Katika vita vya visiwa vya Falkland mwaka 1982, Uingereza ilipigana na Argentina umbali wa kilomita 13,000 hivi kutoka kwao. Tarehe 8 Juni ndege za Argentina zilishambulia meli ya RFA iitwayo Sir Galahad, ikiwa imetia nanga Fitzroy, kwenye visiwa hivyo, na askari wamejaa ndani. Walikufa watu 48. Wengi walikuwa askari, lakini walikuwemo pia mabaharia, na miongoni mwao Wachina wa Hong Kong. Baharia mmoja wa Hong Kong, Chiu Yiu-Nam, alirudi ndani ya moto na moshi akawatoa askari wapatao kumi. Alipewa nishani ya George, ambayo ni ya ushujaa. Jina lake lilistahili kujulikana kama ya makamanda.

Wiki mbili kabla ya hapo, tarehe 25 Mei, makombora mawili yaliipiga Atlantic Conveyor, meli ya makontena iliyokodiwa na jeshi. Walikufa watu 12, akiwemo nahodha wake, Ian North. Helikopta kubwa tatu ziliteketea humo, na askari waliotarajia kubebwa wakalazimika kuvuka kisiwa kwa miguu na mizigo mgongoni.

Marehemu babu, aliyefanya kazi bandarini, alikuwa akisema meli ya abiria iitwayo Uganda ilikwenda vitani. Ni kweli? (Msomaji, Zanzibar)

Kweli kabisa. SS Uganda ilijengwa Glasgow, ikaanza kazi mwaka 1952, na kwa miaka ilikuwa ikitoka London na kupita bandari zetu: Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam, hadi Beira. Dada yake aliitwa Kenya. Biashara ya abiria ilipofifia, Uganda ikageuzwa kuwa meli ya safari za wanafunzi. Aprili 1982 serikali ya Uingereza iliichukua kwa vita vile vya Falkland, wanafunzi wakateremshwa Napoli, na mafundi wa Gibraltar wakaigeuza hospitali. Ilipakwa rangi nyeupe na misalaba mikubwa myekundu. Majeruhi zaidi ya 700 walitibiwa humo, Waargentina wakiwemo.

Msalaba ule una masharti. Chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949, meli ya hospitali haishambuliwi wala kutekwa, mradi isisaidie mapigano kwa njia yoyote, itibu majeruhi wa pande zote, na ikubali kupekuliwa. Ndiyo maana RFA Argus, yenye wodi na vyumba vya upasuaji lakini ikiwa na silaha na rangi ya kijivu, haihesabiwi kuwa meli ya hospitali.

Na ile ya Wachina iliyokuja Dar mwaka 2024? (Msomaji, Kigamboni)

Hiyo ni Peace Ark. Ni ya jeshi la wanamaji la China, ina vitanda 300, na ni meli ya hospitali kwa maana niliyoeleza hapo juu. Ilishawahi kufika Tanzania mwaka 2010 na 2017.

Kwa nini manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha kwetu Rufiji? Na mizinga yake ilikwenda wapi? (Msomaji, Utete)

Kwa sababu ya makaa ya mawe na injini mbovu. Vita vilipoanza Agosti 1914, Königsberg ilikuwa baharini, na Waingereza walijitahidi kuikosesha makaa katika bandari zote za jirani. Iliteka meli ya mizigo karibu na Oman ikachukua makaa yake, nayo hayakuwa mazuri. Iliyoiokoa ni Somali, meli ya biashara ya Wajerumani iliyokuwa ikiifuata na kuigawia.

Tarehe 20 Septemba iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar. Baada ya hapo injini ilikataa, ikaingia kwenye delta ya Rufiji, pale mto unapogawanyika kuingia baharini. Vipande vilivyoharibika vilikokotwa na wapagazi nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, kisha vikarudishwa. Lakini Novemba Waingereza waliipiga Somali ikaungua, na bila makaa kupona kwa injini hakukusaidia kitu.

Aprili 1915 meli nyingine, Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, iliwaletea makaa kutoka Ujerumani. Waingereza waliifumania ghuba ya Manza, karibu na Tanga. Nahodha aliizamisha mwenyewe kwenye maji ya kina kifupi na kuitia moto, Waingereza wakadhani imekwisha. Bunduki na risasi nyingi ziliopolewa, na risasi zilizolowa zikafunguliwa moja moja zikaushwe. Königsberg haikupata makaa yale. Ilipigwa na kuangamizwa tarehe 11 Julai 1915.

Mizinga yake kumi iliopolewa, ikafungwa magurudumu na kuendelea na vita nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, unaweza kwenda kuuona.