Kabla hujagonga muhuri karibu na njia ya kushukia

Ukiajiriwa ofisi ya mipango ya kaunti, mapema tu utaletewa faili la ploti iliyo mdomoni mwa intachenji, yaani makutano ya barabara kuu yenye daraja na njia za kupandia na kushukia. Utalitambua kabla ya kulifungua: mwenyewe atakuwa amepiga simu mara tatu, na mwakilishi wadi mara moja.

Nimekaa kwenye meza hiyo miaka tisa, na jambo lililonichelewa kuingia kichwani ni hili: ramani ya kanda, ile inayogawa eneo kwa rangi za biashara, makazi na kadhalika, inakwambia ploti itafanya kazi gani, lakini barabara inauliza gari litaingilia wapi. Maswali hayo mawili hujibiwa katika ofisi mbili ambazo hazinywi chai pamoja. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 liliiachia serikali ya kitaifa barabara kuu, kaunti ikapewa mipango ya ardhi. Mamlaka ya Barabara Kuu Nchini, KeNHA, hujenga daraja. Kinachoota pembeni yake kinapita mezani kwako.

Na mara nyingi daraja limekutangulia. Barabara kuu ya Thika, kilomita kama 50, ilianza kujengwa 2009 ikafunguliwa rasmi Novemba 2012. Serikali za kaunti zilizaliwa na uchaguzi wa Machi 2013. Yaani mahali pa kupandia na kushukia Ruiru na Juja palikuwa na lami tayari kabla Kiambu haijapata gavana wake wa kwanza. Mashamba ya kahawa yakakatwa kuwa ploti za futi 50 kwa 100, gorofa zikapanda, na mpango wa matumizi ya ardhi ukawa unaikimbiza barabara kwa nyuma. Usishangae kukuta mpango wa aina hiyo unaeleza yaliyokwisha kutokea.

Faili lililonifunza mimi lilikuwa la kituo cha mafuta. Nusu ekari, kanda ya biashara, ada zimelipwa, mchoro msafi kabisa. Nilitazama rangi kwenye ramani, nikapitisha. Lango likajengwa mita kama 60 kutoka pale njia ya kushukia inapokutana na barabara ya pembeni. Siku za kawaida hapakuwa na shida. Kisha ikafika tarehe 14, jioni ya kutangazwa bei mpya za mafuta, na bei inapanda usiku wa manane. Kila matatu ikataka kujaza tangi. Foleni ikatoka langoni, ikajaza barabara ya pembeni, ikapanda njia ya kushukia, na mkia wake ukasimama kwenye barabara kuu ambako watu wanakuja kwa kilomita 100 kwa saa. Nilipigiwa simu nikiwa mezani nakula. Biashara mahali pale ilikuwa sawa. Lango ndilo lilikuwa kosa, na saini ilikuwa yangu.

Kwa hiyo dai mchoro wa barabara, na uuweke juu ya ramani ya ploti kwa mkono wako mwenyewe. Hapo kuna mtego. Ramani zetu nyingi za zamani zimepimwa kwa Arc 1960, ilhali vifaa vya setilaiti vinasoma WGS84; hizo ni njia mbili tofauti za kuhesabu mahali duniani. Ukizilaza pamoja bila kubadilisha, moja inahama kama mita 300. Niliwahi kumwona kijana akimwambia mama mmoja kwamba nyumba yake yote iko ndani ya hifadhi ya barabara, ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Mama akakaa chini pale pale sakafuni. Haikuwa ndani hata bikoni moja, yaani jiwe la mpaka.

Ardhi ikiletwa kugawanywa, ploti zenyewe zisikushughulishe sana. Tazama njia iliyoachwa. Mgawaji anapenda mita 9, maana kila mita anayoongeza ni pesa inayomtoka. Jirani naye anaacha 9 zake, na kati yao ukuta. Matokeo yake mtu anayetaka unga ng'ambo ya ukuta anatoka hadi barabara kuu, anaenda kugeuzia mbali, ndipo arudi. Intachenji iliyojengwa kwa ajili ya malori ya masafa inageuka kichochoro cha mtaa. Dai barabara ya nyuma inayounganisha mashamba yote, na uiandike kama sharti la kibali. Ukiiandika kama ombi, itasomwa kama ombi.

Kuhusu muda, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ahesabu amekubaliwa. Faili ukilikalia ukingoja wahandisi waseme neno, unalipitisha kwa kunyamaza.

Wenye boda, mama mboga na abiria wa stegi hawana faili, kwa hiyo wafuate wewe. Nenda saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, simama chini ya daraja, hesabu wanaovuka na wanakovukia. Hesabu hiyo uipeleke kwenye kikao cha michoro ya awali. Kikao kimoja nilikikosa kwa sababu gari la ofisi halikuwa na mafuta. Kivuko cha miguu kikachorwa mita 400 kutoka sokoni, na kiko hapo hadi leo. Mbuzi ndio wanaokitumia zaidi.