Wazee wanaona kibali ni uonevu: niwaambie nini?

Ndugu yangu wa Chemba, umeuliza kwa nini kibali cha kuwinda hutaja dume tu, na kama baba zako wadogo wana haki kulalamika. Wana hoja nusu.

Swala pala dume mmoja hupanda majike wengi, hivyo akipungua dume, mimba hazipungui. Jike hana pembe, hivyo mchana ni vigumu kumkosea. Pofu ndiye mtego: dume na jike wote wana pembe. Usiangalie urefu, maana za jike mara nyingi ni ndefu ila nyembamba. Tazama shingo nene, ngozi kubwa inayoning'inia kooni, na kishungi cha nywele usoni. Ukiwa na shaka, shusha bunduki.

Hoja ya wazee ina uzito kwa digidigi. Hao huishi wawili wawili, na ukiondoa dume umevunja jozi. Pembe zake fupi hufichwa na kishungi, kwa hiyo anayemulika tochi usiku (kosa kisheria) hajui kaua nani. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mimba ya miezi kama sita.

Kitanzi cha kutegea wanyama ndicho kibaya zaidi: hakichagui jinsia wala umri.

Kabla ya kutoka, soma kibali: aina, idadi, eneo, tarehe. Leseni ya bunduki siyo kibali cha kuwinda, na wengi hukamatwa hapo. Nyama usiuze kijijini. Biashara ya nyamapori ina leseni yake. Malalamiko ya idadi ya wanyama yapelekeni TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania) kwa maandishi, mkitaja mlichoona porini.